Jina Lako Katika Daftari la Mama Mboga

Jioni moja hapa Umoja nilisimama kwenye kibanda cha mboga nikingoja sukuma wiki ikatwe. Mama muuzaji alikuwa na mikono yote miwili kazini, kisu kinaenda mbio, akaniomba nimfungulie daftari nimwandikie deni la kijana aliyekuwa ametangulia. Lilikuwa daftari la shule, jalada limelowa maji ya nyanya. Wateja hakuwaandika kwa majina yao. Aliwaandika kwa namba za milango na kwa alama anazozijua mwenyewe: "Mlango 4, nyanya 40." "Fundi viatu, 100." "Mama mapacha, amelipa." Nikashuka na kidole nikitafuta nafasi, kikagota kwenye mstari mmoja: "Mtu wa kanisa, 340."

Mtu wa kanisa nilikuwa mimi.

Deni lile lilikuwa limepita miezi miwili. Si kwamba nilikosa shilingi 340. Katika miezi hiyo hiyo nilitoa sadaka kila Jumapili, nikachangia harambee ya viti, tena nikasimama mbele ya vijana nikawafundisha uaminifu. Nilijiambia nimesahau. Lakini moyo wangu ulijua kwamba Jumapili kadhaa nilishika njia ya nyuma, Biblia kwapani, nisipite mbele ya kibanda kile.

Nililipa papo hapo, nikasema, "Mama, nisamehe, nimekuchelewesha na sikukuambia kitu." Akajibu, "Haya mzee, asante," akapiga mstari, akanifungia mboga yangu. Hakunisimanga. Kilichonichoma ni lile jina. Angeweza kuniandika kwa mlango wangu kama wengine, lakini aliniandika kwa imani yangu, kwa sababu ndiyo aliyokuwa ameiona kwangu. Na mbele ya imani hiyo kulikuwa na deni.

Tangu siku ile nimeshika neno moja, nalo ndilo ninalotaka tushauriane leo: Mkristo wa mtaani hahitaji kutafuta jukwaa la ushuhuda. Jukwaa analo tayari, na liko kwenye hesabu ndogo ndogo anazoachiana na jirani kila siku. Wazee walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Kuta zetu ni nyembamba

Eastlands, yaani mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, imejengwa kwa awamu. Pumwani ilianza miaka ya 1920, Kaloleni miaka ya 1940, zikafuata Bahati, Mbotela, Maringo na Jericho kando ya Barabara ya Jogoo. Buruburu, Umoja na Dandora zikaja miaka ya 1970, na leo yako maghorofa ya Huruma, Kayole na Pipeline yanayozidi kupanda. Lililobaki vile vile muda wote huo ni kwamba tunakaa karibu mno. Korido moja, mfereji mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Jirani anajua umerudi saa ngapi na umemjibu mkeo vipi. Akisikia sala yako ya chakula, husikia pia maneno yanayofuata sahani zikishatolewa.

Yesu alifundisha mambo mawili ambayo wengi huona yanapingana. Katika sura ya 5 ya Mathayo anataka nuru yetu ionekane na watu. Katika sura ya 6 anatuonya tusitende wema ili tutazamwe. Ukikaa ploti moja na familia ishirini, mafundisho hayo mawili yanakuwa kitu kimoja. Kujionyesha hakuna haja, maana umeshaonekana. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba kinachoonekana ni cha kweli.

Naye Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu sifa za kiongozi wa kanisa, hakutosheka na sifa kutoka ndani ya kanisa. Alitaka mtu awe na jina jema hata kwa walio nje. Kwa hiyo yule mama mboga, msimamizi wa ploti na kijana wa bodaboda wana neno la kusema juu ya uzee wako wa kanisa, hata kama hawajawahi kukanyaga kanisani kwako.

Lipa wadogo kwanza

Dawa ya deni ni kulipa, na hapo ndipo pa kuanzia. Leo usiku chukua karatasi uandike kila unayemdai na kila anayekudai mtaani: mboga, maziwa, maji ya mitungi, mama fua, fundi cherehani, kinyozi, chama. Kisha wapange wanaokudai kuanzia aliye mdogo zaidi kwa mtaji. Benki inaweza kusubiri kwa riba. Mama mboga hawezi, kwa sababu zile shilingi 340 zako ndizo alizopaswa kuzipeleka sokoni alfajiri kununua mzigo wa siku. Ukikaa nazo, kibanda chake kinapungua na wewe unaendelea kula.

Yako mambo mengine matatu. Kwanza, usipokuwa na pesa, pita mbele ya kibanda useme. "Mama, sijapata, nitakuona Ijumaa" ni maneno machache, lakini mwenye kudai akiyasikia hulala. Kinachomuumiza zaidi ya kukosa pesa ni kuona umebadilisha njia. Pili, usitoe sadaka kubwa kwa pesa ya watu. Kumpa Mungu mbele ya kusanyiko kitu ambacho ni haki ya mjane wa kibandani ni kumfanya Mungu mshirika wa dhuluma. Tatu, kama wewe ndiye unayedai, dai kwa staha. Usimwaibishe mdeni wako mbele ya watoto wake, na ukiona kweli hana, uwe na moyo wa kumfutia.

Pesa ya simu nayo ina mtihani wake. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kila mmoja wetu ameona au amesikia habari ya pesa iliyoingia kwa makosa. Mtu amekosea tarakimu moja, na karo ya mtoto wa mtu imetua kwako. Wapo wanaosema huo ni muujiza. Si muujiza, ni mali ya mtu. Ila uwe mwaminifu kwa akili, kwa kuwa matapeli nao hutumia ujumbe wa uongo. Angalia salio lako kwanza. Kama kweli pesa imeingia, usiitoe na usiitumie. Mwambie aliyekupigia autume ujumbe wake wa muamala kwa 456 ili kampuni yenyewe irudishe, nawe usipinge. Hivyo mwenye haki atapata haki yake, na tapeli hatapata mlango.

Sauti yako ya usiku

Hili litawagusa wengi, nami nalisema kwa upendo. Mitaa yetu imejaa nyumba za ibada, na nyingine ni za mabati zinazopakana na vyumba vya kulala. Kesha la Ijumaa linaanza saa tatu, spika mbili zimeelekezwa barabarani, na maombi yanakwenda hadi alfajiri. Ng'ambo ya ukuta ule yupo mlinzi anayetakiwa kuripoti kazini kabla ya kupambazuka, mama aliyejifungua juzi, na mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani. Hao ndio tunaosema tunawaombea.

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, na nyumba za ibada hazikuachwa nje. Lakini Mkristo asingoje maofisa waje kubeba spika. Elekezeni spika ndani. Ikifika saa nne zimeni vyombo, mwendelee kwa sauti ya kawaida. Kabla ya kesha kubwa tumeni watu wawili wapite milango ya karibu, wawajulishe majirani na waulize kama kuna mgonjwa. Nawahakikishia kwamba Mungu anasikia bila kipaza sauti, na jirani aliyelala vizuri atawasikiliza kwa hiari siku mtakapokuwa na neno la kumwambia.

Hapo pia wakumbukeni Waislamu. Pumwani, Majengo na Eastleigh ni mitaa ambayo Wakristo na Waislamu wamekaa mlango kwa mlango kwa karibu miaka mia moja. Wanazikana, wanaozeshana, wanapelekeana sahani za pilau sikukuu. Jirani yako akifunga Ramadhani, usimwekee mahubiri ya kubishana na dini yake chini ya dirisha lake. Mpelekee salamu na maji safi ya kufuturu. Imani yako haipungui, na yeye atakujua kuwa mtu wa amani.

Aliye chini yako ndiye shahidi wako

Ukitaka kujua imani ya mtu, usimuulize mchungaji wake. Muulize msaidizi wake wa nyumbani. Asubuhi katika mitaa yetu utawaona akina mama wamekaa kando ya njia wakingoja kuitwa kufua. Ukimwita mmoja, patana naye bei kabla hajagusa maji, wala usiongeze mablanketi baada ya kupatana. Mpe chai. Mlipe siku hiyo hiyo, akiondoka, si "kesho pita."

Kwa msichana anayeishi nyumbani kwako, sheria ipo. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kilipita shilingi 16,000 kwa mwezi kuanzia Novemba 2024. Najua familia nyingi za Eastlands zenyewe zinaishi kwa kuungaunga. Kama huwezi kulipa mfanyakazi wa mwezi mzima, mtafute wa siku mbili kwa wiki umlipe haki yake, au mpange na jirani kuangaliana watoto. Usimweke mtoto wa mwenzako kwa nusu ya haki yake kisha ukamwita dada wakati wa maombi ya familia. Mpe siku ya kupumzika na usimwamulie kanisa la kwenda. Na chakula kiwe kimoja. Kama nyama haimfikii yeye, basi upendo wenu hauvuki mlango wa jikoni.

Kabila na bahasha

Sisi tuliokuwa hapa mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, hatuhitaji kusimuliwa. Mathare, Huruma, Kariobangi na Dandora ziligeuka mitaa ya kuulizana lugha. Watu waliosali benchi moja walikimbiana. Lakini wapo pia waliofungua milango wakamficha jirani wa kabila lingine chini ya kitanda, na makanisa yaliyogeuka makao ya waliokimbia. Wokovu wa namna hiyo haufanywi siku ya fujo, hujengwa miaka ya utulivu. Kwa hiyo angalia sasa: watu unaokula nao, watu wa chama chako, wale unaowapendekeza kwa kazi, wote ni wa lugha moja? Vijana wakianza kutukana kabila fulani ukiwa umekaa nao kinyozini, unacheka au unasema "hapana, hayo siyataki"? Hapana moja ya namna hiyo, ikisemwa kwa upole na mtu anayeheshimiwa, huzima moto mwingi.

Bahasha nayo ni mtihani. Novemba 2024 Rais William Ruto alihudhuria ibada katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa mchango wa fedha na kuahidi zaidi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitangaza kwamba shilingi milioni 2.6 zilizotolewa zirudishwe, na milioni 3 zilizoahidiwa zisipokewe, ili kanisa lisitumiwe kwa siasa. Kanisa lile lina mahitaji, na nyumba ya padre ilikuwa inajengwa. Ndiyo maana uamuzi ule ulisikika mtaani kuliko mahubiri mengi: kukataa ukiwa umeshiba ni rahisi, kukataa ukiwa na uhitaji ndiko kunakopimwa.

Wewe na mimi hatuletewi milioni. Tunaletewa mia mbili ya kuhudhuria mkutano wa kampeni, au kitu kidogo ili jina la ndugu litangulie kwenye orodha ya basari. Kipimo ni kile kile.

Ukikosea, tengeneza

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Wengi huacha kabisa kuwa mfano kwa sababu wamewahi kuanguka na mtaa mzima ukaona. Hufikiri kielelezo chema ni mtu asiyekosea. Hapa Afrika Mashariki tuna urithi unaosema vinginevyo.

Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Namirembe mwaka 1929, uliingia Kenya mwaka 1937 kupitia mkutano wa Kabete. Ndugu wale walijulikana kwa kile walichokiita kutembea nuruni. Mtu akiguswa, hakuishia kulia madhabahuni. Alikiri kosa kwa jina lake, kisha akatengeneza: walirudisha ng'ombe, wakarudisha vyombo vya mwajiri, wakalipa kodi waliyoikwepa, wakaenda kuomba radhi kwa watu waliowachukia. Walikuwa wamemwelewa Zakayo, ambaye siku Yesu alipoingia nyumbani mwake aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Watu wa nje waliweza kubishana na mafundisho yao, lakini ng'ombe aliyerudi zizini hakubishika.

Basi ukikosea mtaani, fuata njia hiyo. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu kama unaweza kufika. Taja kosa lilivyo: "Nilikusingizia kwa msimamizi wa ploti," si "kama nilikukosea kwa namna yoyote." Usieleze sababu, hata kama unazo. Rudisha kilichopotea, pesa au jina. Kama ulimsema vibaya mbele ya watu, urudi mbele ya watu hao hao umsafishe. Kisha nyamaza na umpe nafasi ya kukasirika. Msamaha ni wake kuutoa, haudaiwi.

Wazazi, hili lianzie nyumbani. Mtoto aliyemsikia baba yake akisema "nilikupiga kwa hasira, nisamehe" amejifunza Injili ambayo shule ya Jumapili haiwezi kumfundisha. Kuteleza si kuanguka, na mtoto akikuona unavyoinuka naye atajua njia.

Usibebe peke yako

Kielelezo hakidumu kwa nguvu za mtu mmoja. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 waliweka jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uhai wa kanisa, na hadi leo zinakutana nyumba kwa nyumba katika mitaa yetu. Padre Alex Zanotelli, mmisionari wa shirika la Wakomboni kutoka Italia, alikwenda mbali zaidi: aliishi Korogocho zaidi ya miaka kumi, karibu na dampo la Dandora, na kuketi vibandani mwa wagonjwa pamoja na jumuiya hizo. Watu wa kule walimwona akikanyaga tope lile lile wanalolikanyaga wao.

Kama uko kwenye jumuiya, kikundi cha Biblia au ushirika wa nyumbani, msiishie kwenye kusoma na chai. Kila mara mnapokutana, ulizaneni maswali matatu: Nani mtaani anatudai? Nani tumemkosea? Nani kwenye ploti yetu ana shida na hakuna aliyembishia hodi? Kisha mtoke na kazi moja tu. Kulipia mtoto mtihani. Kumfulia mgonjwa. Kumsindikiza mama wa mlango wa tatu hospitali. Mtu akiuliza mmetumwa na nani, jibuni kwa ufupi.

Hapo ndipo maneno yanapopata mahali pake. Petro aliwashauri waamini wawe tayari kumjibu kila anayewauliza sababu ya tumaini lao, tena kwa upole na heshima. Yaani kwanza kuwe na kitu cha kuulizwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jirani akikuuliza, usimwangushie mahubiri ya saa nzima. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe Kristo amekufanyia nini, kisha msikilize yeye.

Ukitaka kuanza, usingoje mwaka mpya wala mkutano wa injili. Jumapili hii toka nyumbani dakika kumi mapema. Usipite njia ya nyuma. Pita mbele ya kibanda, salimu, uliza unadaiwa ngapi, ulipe, na usimame hadi uone kalamu ikipiga mstari juu ya jina lako. Ndipo uende ibadani.